Mathayo 6:11: Neno "epiousios" katika Baba Yetu lina maana gani hasa?

#1 Mwalimu wa Kasulu
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaleta swali linalohusu mstari ambao wengi wetu tuliukariri kabla hatujajua kusoma. Katika Mathayo 6:11, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inasema, "Utupe leo riziki yetu." Habari Njema inasema, "Utupe leo chakula chetu tunachohitaji." Wakatoliki katika Baba Yetu husali, "Utupe leo mkate wetu wa kila siku." Riziki, chakula tunachohitaji na mkate wa kila siku si kitu kimoja, na ukienda kwenye Kigiriki utaona kwamba ugomvi wote umetoka mahali pamoja.

Kigiriki kinasema: ton arton hemon ton epiousion dos hemin semeron. Arton ni mkate, hemon ni wetu, dos hemin ni utupe, semeron ni leo. Hayo mwanafunzi wa muhula wa kwanza anayasoma bila kamusi. Linabaki epiousion, na hapo kamusi zenyewe zinaanza kugawanyika.

Dai langu ni hili: "kila siku" haimo katika neno hilo. Kigiriki kina namna yake ya kawaida ya kusema kila siku, yaani kath' hemeran, na Luka anaitumia katika 11:3, ndani ya sala hiihii, huku akiliacha epiousion mahali pake. Ikiwa epiousion ni "wa kila siku", basi Luka anaomba "utupe kila siku mkate wetu wa kila siku", jambo ambalo mwandishi makini kama yeye asingelifanya. Karibuni mnipinge.

#2 Katekista wa Rombo
Asante kwa uzi, Mwalimu. Niongeze jambo litakaloonyesha ukubwa wa tatizo. Katika Agano Jipya lote neno hili linapatikana mara mbili tu, katika Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Nje ya hapo linapatikana katika Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo, sura ya 8, ambayo inaiandika sala yenyewe, na kwa Mababa wa Kanisa wanaofafanua sala hiyohiyo. Origen, aliyezaliwa Misri na kuandika kwa Kigiriki katika karne ya 3, anasema waziwazi katika kitabu chake kuhusu sala kwamba neno hili halitumiwi na wasomi wa Kigiriki wala halimo katika mazungumzo ya watu wa kawaida, na kwamba inaonekana wainjili wenyewe ndio walioliunda.

#3 Fundi Saruji
Kwa hiyo mtu aliyezaliwa katika Kigiriki, akala Kigiriki na kulala Kigiriki, alikwama, halafu Mwalimu wa Kasulu anataka tumalize suala hili kabla ya saa nne usiku. Haya, tupeni basi hizo maana zinazogombaniwa kwa lugha ambayo mtu wa zege ataielewa.

#4 Binti wa Usambara
Kaka Fundi, nitajaribu. Kila mtu anakubali kwamba mwanzo wa neno ni kihusishi epi, na ugomvi uko katika kilichofuata.

Wapo wanaosema ni ousia, neno ambalo wanafalsafa walilitumia kwa maana ya asili au kiini cha kitu. Origen alichukua njia hii, akalilinganisha na periousios, lililomo katika Kutoka 19:5 ya tafsiri ya kale ya Kigiriki, mahali Mungu anapowaita Israeli watu wake wa pekee. Kwa njia hiyo mkate huu unakuwa ule unaohitajika kwa kuwapo kwetu, na watu wawili wanaweza kuanzia hapo wakafika mbali mno: mmoja akafika kwenye chakula cha kutosha kuishi, mwingine akafika kwenye mkate wa roho.

Wapo wanaosema ni epi pamoja na ousa, "iliyopo", na neno "siku" limeachwa likielewekwa. Mkate wa siku iliyopo, basi, ni mkate wa leo. Yohane Krisostomo, ambaye naye alikuwa Mgiriki wa lugha, aliwaeleza waumini wake kwamba ni mkate wa siku moja, bila kuzunguka.

Wengine wanasema neno limetoka katika kitenzi epienai, "kuja" au "kufuata". Katika Matendo ya Mitume, Luka anasema he epiousa kwa maana ya siku iliyofuata: tazama 7:26, 16:11, 20:15 na 21:18. Katika 23:11 anasema hivyohivyo kwa usiku uliofuata. Wanaoshika njia hii wanasoma "utupe leo mkate wetu wa siku ijayo".

Mimi niko upande huu wa mwisho, kwa sababu ousia katika Agano Jipya inapatikana mahali pamoja tu, Luka 15:12 na 13, katika mfano wa mwana mpotevu, na pale maana yake ni mali aliyoidai kwa baba yake na kwenda kuitapanya. Wavuvi na wakulima waliosikia sala hii hawakuwa wakifikiria kiini cha vitu.

#5 Msomaji wa Mezani
Mnahangaika bure. Neno hili lilipatikana katika mafunjo, yaani karatasi za kale, ya Misri, kwenye orodha ya matumizi ya nyumbani, likiwa na maana ya posho ya siku. Nimelisoma hilo katika kamusi ya Kigiriki, na jambo lilishakwisha.

#6 Binti wa Usambara
Ndugu Msomaji, kamusi uliyoisoma lazima ni ya zamani kidogo. Mafunjo unayoyataja yalitoka Hawara, katika uchimbaji wa Flinders Petrie, na maandishi yake yalisomwa na A. H. Sayce na kuchapishwa mwaka 1889. Yeye aliona herufi za mwanzo za epiousi- katika orodha ya manunuzi. Baadaye karatasi yenyewe ikapotea machoni pa wataalamu, kwa hiyo kwa miongo mingi waandishi wa kamusi waliendelea kunukuu kitu ambacho hakuna aliyeweza kukikagua. Ilipoonekana tena mwaka 1998 katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Yale, Nijman na Worp waliisoma upya, na makala yao ilitoka mwaka 1999. Walikuta neno ni elaiou, yaani mafuta. Kwa hiyo ushahidi pekee wa nje ya Ukristo umegeuka kuwa mafuta ya kupikia, na maneno ya Origen yamesimama palepale.

#7 Fundi Saruji
Mtu alikwenda dukani Misri kununua mafuta, na wasomi wakamgeuzia kuwa theolojia. Endeleeni, nimevuta kiti.

#8 Mjukuu wa Lamu
Assalaam aleykum, na wengine shikamooni. Mimi si Mkristo, lakini ninafanya kazi Maskati pamoja na Wamisri wa Kanisa la Koptiki, na uzi huu umenigusa kwa sababu ya jambo ninalolisikia kwao. Wanapoisali sala hii kwa Kiarabu husema "khubzana alladhi lil-ghad", yaani mkate wetu ulio wa kesho. Wakristo wengine wa Kiarabu hapa husema "khubzana kafafana", mkate wetu wa kututosha, kama ilivyo katika Biblia ya Van Dyck. Nilipomuuliza mmoja wa Wakopti sababu, alinijibu kwamba Kikopti cha makanisa yao ndivyo kinavyosema tangu zamani.

Dada Binti, hilo linaunga mkono upande wako, na tena linatoka nchi ileile aliyozaliwa Origen.

#9 Katekista wa Rombo
Ndugu Mjukuu, aleykum salaam, na mchango wako ni mzito. Unakwenda sambamba na ushuhuda wa Hieronimo, mfasiri wa kale wa Biblia ya Kilatini. Katika ufafanuzi wake wa Mathayo anaeleza kwamba, katika Injili iliyoitwa ya Waebrania, alikuta mahali hapa neno mahar, ambalo kwa Kiebrania ni "kesho".

Lakini angalieni kituko cha Hieronimo huyohuyo. Aliposahihisha Injili za Kilatini, mwaka 384 au karibu na hapo, neno moja la Kigiriki alilitafsiri kwa namna mbili. Katika Luka aliacha quotidianum, "wa kila siku", kama tafsiri za Kilatini zilizomtangulia. Katika Mathayo aliweka supersubstantialem, "ulio juu ya kila kiini". Kanisa lililoipokea Biblia yake halikulipokea neno lake katika sala: hadi leo Misa ya Kilatini inasema panem nostrum quotidianum. Kwa hiyo "wa kila siku" tunayosali kwa Kiswahili imetoka katika Kilatini cha waumini wa kale, kabla ya Hieronimo, na Mwalimu ana haki kusema kwamba haikutoka moja kwa moja katika Kigiriki. Siko tayari kusema kwamba kwa hiyo ni kosa.

#10 Msomaji wa Mezani
Kuhusu mahar, tuwe waangalifu. Injili hiyo ya Waebrania haipo tena, tunazo nukuu tu, na wataalamu wengi wanaona kwamba maandishi ya aina hiyo yalitegemea Mathayo ya Kigiriki. Kama ndivyo, mahar ni jibu la mfasiri wa kale aliyekutana na fumbo lilelile kama sisi.

#11 Binti wa Usambara
Hoja yako ni nzuri, lakini ina upande wa pili. Sala si kitabu cha kufungua rafu na kutafsiri upya. Wakristo wa Kiyahudi walikuwa wakiisali kwa Kiaramu tangu mwanzo, na mfasiri aliyefika mstari huu angeandika yale ambayo kinywa chake kilikuwa kimezoea asubuhi na jioni. Joachim Jeremias, msomi wa Agano Jipya, aliitumia hoja hii kuitetea "kesho", naye aliona mkate huo kuwa ule wa karamu ya ufalme wa Mungu unaoombwa uanze kuonjwa leo. Sehemu ya kwanza ya hoja yake ninaikubali. Ya pili inanishinda kidogo.

#12 Mama Tumaini
Wanangu, nimewasoma wote kwa makini. Nina pingamizi moja ambalo halihitaji Kigiriki kingi. Sura ni ileile ya 6. Mstari wa 11 mnasema tuombe mkate wa kesho, na mstari wa 34 Bwana Yesu anasema, "Basi msisumbukie ya kesho." Mwalimu gani anayefundisha jambo na kulipindua kabla ya kumaliza somo?

#13 Mwalimu wa Kasulu
Mama, shikamoo. Hilo ndilo pingamizi ambalo lilinizuia kuifuata "kesho" moja kwa moja. Ongeza na mana ya Kutoka 16. Kila mtu aliokota pishi moja kwa siku, na aliyebakiza hadi asubuhi alikuta imeingia mabuu na kunuka. Myahudi aliyesikia "mkate" na "leo" katika ombi moja asingeweza kuisahau hadithi hiyo.

#14 Fundi Saruji
Sasa mmefika kwangu, na hapa sitanii. Mama Tumaini, shikamoo. Mimi ni kibarua wa ujenzi. Kibarua hulipwa jioni kazi ikishakaguliwa. Nikipokea fedha yangu saa kumi na mbili, napita gengeni: unga nusu kilo, mafuta ya kupima, fungu moja la nyanya na dagaa. Hicho ndicho chakula cha usiku. Kinachobaki ni chai na maandazi ya asubuhi, maana bila hivyo siwezi kupanda kwenye jukwaa la mbao na ndoo ya zege. Kwa hiyo fedha ya leo inanunua nguvu ya kesho, na mtu akiniambia kwamba kuomba chai ya kesho asubuhi ni kusumbukia ya kesho, namwona hajawahi kulipwa kwa siku.

Na hao watu wa Biblia walikuwa vibarua pia. Mathayo 20 inaeleza mwenye shamba la mizabibu aliyepatana nao kwa dinari moja kwa siku, na wakalipwa jioni. Torati nayo inakataza kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Kuomba si kusumbuka, Mama. Mtu husumbuka pale asipokuwa na wa kumwomba.

#15 Mama Tumaini
Marahaba, mwanangu. Umejibu vizuri kuliko wenye kamusi, ingawa sijakubali yote.

#16 Mwinjilisti wa Njombe
Amani kwenu. Nimeshangaa kwamba hakuna aliyeitetea "riziki", kana kwamba watafsiri wa 1952 waliliokota njiani. Sisi Walutheri tuliopita kipaimara tunakumbuka Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ombi la nne. Anauliza mkate wa kila siku ni nini, na jibu linaanza na chakula na kinywaji, linaenda kwenye nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema wa ndoa, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, na linafika hadi kwenye marafiki wema na majirani waaminifu. Sasa nitajieni neno moja la Kiswahili linalobeba mzigo huo wote. Mtu anayesema "natafuta riziki" anaweza kuwa na jembe, na anaweza kuwa na bodaboda. Riziki ni fungu analopewa mtu, na hilo liko karibu na Mithali 30, ambapo mwombaji hataki umaskini wala utajiri bali chakula cha kadiri yake.

#17 Msomaji wa Mezani
Ndugu Mwinjilisti, maelezo ya Luther ni ya Luther. Yanatueleza Mkristo aombe nini, hayatuelezi epiousios ina maana gani. Zaidi ya hapo, "Utupe leo riziki yetu" imelimeza neno lenyewe: arton na epiousion vimekuwa kitu kimoja, na msomaji hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na neno gumu. Habari Njema angalau imeliacha mahali pake kwa kusema "tunachohitaji", sawa na Peshitta, Biblia ya kale ya Kisiria, isemayo "mkate wa mahitaji yetu". Kisiria cha kale zaidi kilisema "mkate wa daima". Wote hao walikuwa wakijaribu, kama sisi.

#18 Mjukuu wa Lamu
Mwinjilisti, kuna jambo la kuchekesha hapo. Riziki ni neno la Kiarabu, lakini Waarabu wenyewe mahali hapa hawakulitumia. Walishika khubz, mkate. Sisi Waswahili ndio tuliolipenda. Nadhani sababu ni kwamba kwetu riziki tayari lilikuwa neno la dua kabla mmisionari hajashuka chomboni, na mtu hana haja ya kuelezwa kwamba anayeitoa ni Mungu.

#19 Mwinjilisti wa Njombe
Na ndiyo sababu lilifaa, ndugu yangu. Kuhusu mkate, niseme ukweli wa nyanda za juu: nilipokuwa mtoto mkate tuliuona Krismasi na Pasaka, tena vipande viwili kwa kila mtoto. Jirani zetu Wakatoliki walipokuwa wakisali "mkate wetu wa kila siku", tulidhani ni matajiri.

#20 Katekista wa Rombo
Tulikuwa tunakula ndizi kila siku, Mwinjilisti, na tulisali hivyohivyo. Mkate wa sala haukuwa ule wa dukani. Tena lehem ya Kiebrania ni mkate na ni chakula chochote, kwa hiyo hata arton ya Mathayo isichukuliwe kwa ufinyu. Hapa Moshi nimewahi kusali na Waethiopia waliokuwa wageni wetu, nao kwa Kigeez, lugha ya kale ya kanisa lao, husema "sisayana zalella ilatina", chakula chetu cha kila siku yetu. Hawana mkate katika sentensi hiyo, na wana "kila siku". Mwalimu, hao nao utawaambia wamekosea?

#21 Mwalimu wa Kasulu
Nitawaambia wanamfuata Luka katika kath' hemeran, kama Walatini wanavyoelekea kufanya. Dai langu linahusu Mathayo. Na Luka mwenyewe amebadilisha zaidi ya neno moja: Mathayo anasema dos, utupe mara moja, akaongeza "leo". Luka anasema didou, uwe ukitupa, akaongeza "siku kwa siku". Kila kitu kinachozunguka epiousion kimerekebishwa ili kukubaliana, lakini neno lenyewe halikuguswa. Hiyo inaonyesha kwamba tayari lilikuwa limeganda katika sala, na hakuna aliyethubutu kuliondoa.

#22 Binti wa Usambara
Narudi kwenye sarufi, kwa sababu kuna jambo tumeliruka. Kwa kawaida epi ikikutana na irabu, i yake hudondoka. Wanafalsafa walipotaka kuunganisha epi na ousia walipata epousiodes, bila i. Kama epiousios ingetoka katika ousia au katika ousa, tungetarajia epousios. Lakini katika epienai ile i inabaki, na ndiyo maana tuna epiousa. Msomi Mwingereza J. B. Lightfoot aliieleza hoja hii kwa urefu mwaka 1871, na sijaona jibu lililoivunja.

#23 Msomaji wa Mezani
Jibu lipo. Wafilipi 4:5 ina epieikes, "upole", na Mathayo 5:33 ina epiorkeseis, "utaapa uongo". Zote mbili zimebakiza i mbele ya irabu.

#24 Binti wa Usambara
Epieikes ilikuwa na sauti ya w katikati, ambayo Kigiriki kiliipoteza zamani, kwa hiyo i haikukutana na irabu lilipoundwa neno. Ousia haikuwahi kuwa na sauti hiyo. Epiorkeseis nakuachia, ingawa neno moja halivunji kanuni.

Ninalolipenda zaidi kwa Lightfoot ni jibu lake kwa Mama Tumaini. He epiousa ni siku inayofuata kwa kuhesabu kutoka pale msemaji alipo. Ukisali alfajiri, siku inayokuja ni hii inayopambazuka. Ukisali usiku, ni kesho. Hata hivyo, Mithali 27:1 ya Kigiriki inaiweka sambamba na "kesho" kabisa: usijisifu kwa ya kesho, kwa kuwa hujui he epiousa itazaa nini.

#25 Mjukuu wa Lamu
Hili la kuhesabu siku halipaswi kumshangaza Mswahili. Kwetu siku huanza jua linapotua, kama kwa Wayahudi. Usiku wa Ijumaa kwa wazee wa Pwani ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na saa ya kwanza ya usiku ni ya siku mpya. Kibarua wa Fundi Saruji anayelipwa saa kumi na mbili jioni anasimama mlangoni pa siku ijayo. Fedha yake ni ya leo, na chakula cha usiku, kwa hesabu hiyo, ni cha siku inayoingia. Leo na kesho zinakutana kwenye sufuria moja.

#26 Katekista wa Rombo
Hapo umenifurahisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2837, haikuchagua upande: inalichukua neno kwa maana ya wakati, ya mahitaji ya uhai, na ya Ekaristi, zote pamoja. Sipriano wa Karthago, aliyekufa shahidi mwaka 258, naye alikubali kwamba ombi hili lisomwe kwa mwili na kwa roho.

#27 Msomaji wa Mezani
Kuchukua maana zote ni njia ya heshima ya kutokujibu swali, Katekista.

#28 Katekista wa Rombo
Na kuchagua moja kwa neno ambalo Origen hakulijua ni njia ya heshima ya kubahatisha, ndugu Msomaji.

#29 Mama Tumaini
Msigombane. Binti, nimelielewa jibu la Lightfoot, la alfajiri na usiku. Lakini Katekista alitaja Didake juu kabisa, nami nimeifungua hiyo sura ya 8. Baada ya kuiandika sala, inaagiza isaliwe mara tatu kwa siku. Kwa jibu la Lightfoot, ya alfajiri inaomba mkate wa leo, ya usiku inaomba wa kesho. Sasa mimi ninayesali adhuhuri, na chakula cha mchana bado kiko jikoni, ninaomba upi?

#30 Fundi Saruji
Mama, adhuhuri omba mafuta. Yale ya Hawara yapo tayari.